Kuua Fangasi Kwenye Sahani Si Kutibu Mdomo

Nimeletewa tena ule ujumbe. Safari hii umekuja na picha ya karafuu na maneno manene: IMETHIBITISHWA, INAUA FANGASI WA MDOMONI! Imethibitishwa kwa mgonjwa yupi? Hakuna anayeuliza, tunasambaza tu.

Ngoja niwaeleze kinachofanyika mara nyingi. Mtu anapanda kandida, yaani huyo fangasi wa mdomoni, kwenye sahani ya maabara, analowesha kijikaratasi cha duara kwa mafuta ya karafuu, anakiweka juu, anaiacha sahani kwenye joto hadi kesho yake. Akirudi anakuta kandokando ya kijikaratasi hapajaota kitu. Anachukua rula, anapima milimita, anaandika ripoti. Ndiyo dawa mliyotangaziwa hiyo.

Na kipimo chenyewe kwa mafuta ya mimea kina walakini. Mafuta na maji havipatani, na chakula cha fangasi kwenye ile sahani kimejaa maji. Duara linaweza kuwa dogo kwa kuwa mafuta hayakusambaa, au likawa kubwa kwa kuwa mvuke wake umetanda sahani nzima. Rula haijui tofauti. Wenye umakini huyeyusha kwanza dawa, huipunguza nusu kwa nusu kwenye safu ya vishimo, wakatafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia fangasi kuota. Pembeni wanaweka dawa ya fangasi inayojulikana, flukonazoli au nistatini, ya kulinganishia. Utafiti usio na cha kulinganishia, mimi huwa siumalizi.

Hata hapo mdomoni hatujafika. Mdomoni kuna mate, zaidi ya nusu lita kwa siku, yanaosha kila unachopaka. Ndiyo maana hata nistatini ya maji mgonjwa huambiwa aizungushe mdomoni na kuibakiza kadiri awezavyo. Kandida naye hakai kinyonge: anaota nyuzi, anajishika kwenye meno ya bandia, anajifunika tabaka la ute, na humo ndani anahimili dozi ambazo nje zingemmaliza.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, huharibu kiwambo cha seli ya fangasi, yaani utando unaoizunguka. Sasa seli za shavu lako hazina kiwambo? Kama kiwango kinachoua fangasi kinakaribiana na kile kinachounguza fizi, umepata dawa au umepata kidonda? Hilo lilipaswa kuwa swali la mwanzo, lakini mara nyingi limetupwa aya ya mwisho: "utafiti zaidi unahitajika." Asante sana!

Haya, mimea si upuuzi. Artemisinini, dawa ya malaria, imetoka kwenye mmea, na Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyeigundua, akapewa Nobel mwaka 2015. Ila watu wanakumbuka mmea, kazi wanaisahau: ilibidi abadili namna ya kukamua kwa sababu joto lilikuwa linaharibu dawa, kisha ikajaribiwa kwa watu. Tena dawa za fangasi ni chache na usugu upo. Mwaka 2022 WHO, Shirika la Afya Duniani, ilimweka Candida albicans, kandida huyuhuyu, kwenye kundi la juu kabisa la fangasi wa kupewa kipaumbele. Tunazihitaji tafiti hizi, ndiyo maana zinaniudhi zikiishia kwenye sahani.

Wakati huohuo, jamani, msimpake mtoto mchanga mafuta ya karafuu mdomoni. Na mgonjwa mwenye kinga dhaifu akianza kuumia anapomeza, huenda fangasi wameshashuka kwenye umio. Huyo apelekwe hospitali leo, asisubiri chupa iishe.