Upasuaji wa usikivu: mzazi aamue, lakini mtoto asikae bila lugha

Mzazi wa Kitanzania ambaye mtoto wake amezaliwa kiziwi, au amepoteza usikivu baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo, leo ana uamuzi mbele yake ambao mzazi wa miaka ya 1990 hakuwa nao. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inawapandikiza watoto vifaa vya usikivu. Kabla ya hapo, waliobahatika walipelekwa India. Kwa madaktari na wazazi wengi hii ni habari njema isiyohitaji mjadala. Kwa viziwi wengi watu wazima, wenye lugha yao ya alama, familia zao na chama chao, mjadala upo na ni mzito. Naona pande zote mbili zina haki kwa sehemu kubwa, ila kati yao kuna mtoto anayeachwa asubiri, na kusubiri huko ndiko kunakomwumiza kuliko uamuzi wowote watakaofikia.

Kwanza kifaa chenyewe, kwa sababu wengi wanakichanganya na shimesikio. Shimesikio hukuza sauti na kuipeleka kwenye sikio ambalo bado lina uwezo kidogo. Kifaa cha kupandikizwa kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio ikiwa na maikrofoni na betri, na waya wake huishia kwenye kiduara chenye sumaku kinachonata kichwani. Ya ndani huwekwa chini ya ngozi kwa upasuaji, na uzi mwembamba wenye elektrodi huingizwa kwenye koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, ili uichochee neva ya usikivu kwa umeme. Usikivu mdogo uliokuwa umebaki kwenye sikio hilo mara nyingi hupotea.

Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye. Siku hiyo mtoto hasikii maneno. Anasikia kitu kipya kisicho na maana bado, na wapo wanaoangua kilio. Kinachofuata ni miezi na miaka ya kurudi kliniki kurekebisha kifaa na kufanya mazoezi ya kusikiliza na kutamka. Wapo watoto wanaofikia kuongea kwa ufasaha na kusoma shule ya kawaida. Wapo wanaoishia kutambua honi na mlango unaogongwa, basi. Hakuna daktari anayeweza kumwahidi mzazi mapema mwanawe atakuwa kundi gani, ingawa inajulikana kwamba anayepandikizwa kabla ya kufikisha miaka miwili au mitatu huwa na nafasi nzuri zaidi. Na hata huyo aliyefanikiwa, akikivua usiku ni kiziwi. Akioga ni kiziwi. Betri ikiisha katikati ya somo, au sumaku ikichomoka chini ya hijabu watoto wakikimbizana uwanjani, ni kiziwi mpaka kitu kirudi mahali pake.

Hoja ya wazazi haihitaji kutetewa sana. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao pengine hawajawahi kukaa na kiziwi hata siku moja. Mama anataka mtoto ageuke akiitwa. Anaifikiria bodaboda inayokuja kwa nyuma, ajira, wajomba na mashangazi ambao hawatajifunza alama hata moja. Na saa inakwenda: baada ya uti wa mgongo koklea inaweza kuanza kuziba kwa mfupa ndani ya miezi michache, na ikishaziba upasuaji unakuwa mgumu au hauwezekani kabisa. Kumwambia mama huyo asubiri mwanawe akue aamue mwenyewe ni kumfungia mlango huku ukidai umemwachia wazi.

Upande wa viziwi mara nyingi husikilizwa nusu. Hudhaniwa wanapinga tiba, au wanapenda wenzao wawe wengi. Sijakutana na kiziwi anayepinga chanjo ya surua na rubela, magonjwa yanayoweza kuleta uziwi. Wanachokipinga ni kuchukuliwa kama watu ambao hawajakamilika, na wana historia ya kuwafanya wawe macho. Mwaka 1880, mjini Milan, mkutano wa waelimishaji, karibu wote wenye kusikia, uliazimia kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi na lugha za alama ziondolewe darasani. Vizazi kadhaa viliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Ilifika mwaka 2010, Vancouver, ndipo mkutano huo huo ukayakana maazimio hayo na kusema unajutia. Kwa hiyo Marekani iliporuhusu kifaa hiki kwa watoto wa kuanzia miaka miwili mwaka 1990, na chama cha taifa cha viziwi cha huko kikaulaumu vikali uamuzi huo mwaka uliofuata, hakikuwa kikiogopa mashine. Waliona Milan nyingine. Mwaka 2000 chama hicho kililegeza msimamo: kikakikubali kifaa kama nyenzo mojawapo na kutambua kwamba mzazi ana haki ya kuamua, huku kikishikilia kwamba mtoto asinyimwe lugha ya alama.

Hapa heshima ya kauli inaingia, wala si suala la adabu tu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na ibara ya 120 inaifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu za Bunge. “Bubu” ni tusi, na pia ni uongo, kwa sababu koo la kiziwi ni zima. “Kiziwi” wenyewe wanalikubali, ndiyo maana chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Aliyepoteza usikivu uzeeni anaweza kupendelea kuitwa mwenye ulemavu wa kusikia, naye aitwe hivyo. Linalonisumbua zaidi ni taarifa za habari zinazosema watoto kadhaa “wameponywa uziwi”. Mzazi akilishika neno hilo atarudi kijijini akiamini kazi imekwisha siku ya kutolewa nyuzi. Akiona mtoto haongei baada ya mwaka, atamlaumu mtoto.

Sasa suala ambalo wataalamu wenyewe wanavutana. Wapo wanaowashauri wazazi waache kabisa alama baada ya upasuaji, ili mtoto alazimike kusikiliza. Wana cha kushika: mwaka 2017 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliopandikizwa ambao familia zao hazikutumia alama waliongea na kusoma vizuri zaidi. Wakosoaji wakajibu kwamba nyingi ya familia zilizohesabiwa kuwa zinatumia alama zilijua chache tu, na kwamba watoto wa wazazi viziwi, waliopata lugha kamili ya alama tangu kuzaliwa kisha wakapandikizwa, wameonekana kwenda sawa na wenzao katika kuongea. Nawaunga mkono wakosoaji, na sababu yangu iko hapa nyumbani. Ushauri wa kuacha alama unategemea kliniki iliyo karibu, mtaalamu wa matamshi wa kila wiki, betri na vipuri vya uhakika. Familia inayopanda basi kutoka Lindi au Kigoma haina hata kimoja kati ya hivyo. Processa, yaani ile sehemu ya nje ya kifaa, ikiharibika miezi minne, mtoto aliyezuiwa alama hana lugha yoyote miezi minne.

Walimu wa shule za viziwi wanamfahamu mtoto wa namna hiyo. Anafika ana miaka saba au minane, anajua kuonyesha tumbo akiwa na njaa na kulaza kichwa kwenye kiganja akitaka kulala, lakini hana jina la dada yake wala njia ya kusema “jana”. Wazazi wake hawakuwa wazembe. Walikuwa wakizungushwa hospitali, wakichangisha makumi ya milioni za shilingi, wakiombewa, na kila mahali wakiambiwa wasubiri kwanza. Miaka ya mwanzo ambayo ubongo unashika lugha kwa urahisi ilipita hivyo.

Kwa hiyo uamuzi wa upasuaji nauacha kwa mzazi, bila kumsimanga akikubali au akikataa. Nisichokubali ni lugha ya alama kuwekwa mwisho wa foleni, itolewe kama pole kwa walioshindwa. Kliniki inayompa mzazi tarehe ya vipimo inaweza siku hiyo hiyo kumkutanisha na mtu mzima kiziwi anayefanya kazi na kulea watoto, na kumwandikia masomo ya alama kama inavyomwandikia mazoezi ya matamshi. CHAVITA ina matawi mikoani, na walimu viziwi wapo. Atakayepandikizwa ataingia chumba cha upasuaji akiwa tayari anaweza kumwuliza mama yake wanaenda kufanya nini. Na familia itakayoambiwa kuwa mtoto amechelewa, au itakayoshindwa gharama, itakuwa imekwisha kupata mwalimu kabla ya kupanda basi la kurudi.