Carey Francis na chaki ya Pumwani

Kila anapotajwa Edward Carey Francis, mwalimu Mwingereza aliyefundisha Kenya, mazungumzo huanzia Kikuyu, mji ilipo Alliance High School, na kuishia huko huko. Watu huhesabu mawaziri, majaji na maprofesa waliopitia mikononi mwake shuleni hapo kati ya mwaka 1940 na 1962, makofi yanapigwa, basi. Mimi naona tunamkumbuka nusu. Alipong'atuka kwenye ukuu wa shule ile, iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote nchini, hakurudi kwao Uingereza kupumzika. Alikwenda Eastlands, Nairobi, akaanza kufundisha Pumwani Secondary School, mwalimu wa kawaida chini ya mwalimu mkuu mwingine. Alikuwa bado mwalimu wa Pumwani alipofariki mwaka 1966.

Miaka hiyo minne ndiyo inayonifanya nimpende.

Tukumbuke alikotoka. Alizaliwa mwaka 1897, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma hisabati Cambridge na kuwa mhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Aliandika kitabu cha mazoezi ya hisabati ya juu pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake. Mtu wa namna hiyo kwao hakosi kazi wala heshima. Mwaka 1928 aliviacha vyote akaja Maseno, shule ya wamishonari wa CMS (Church Missionary Society) karibu na mstari wa Ikweta, kuwafundisha wavulana wa Nyanza. Baadaye akatunga vitabu vya hesabu vya watoto wa shule za msingi, na vingine vilitoka kwa Kiswahili. Mwalimu yeyote aliyewahi kutunga maswali ya darasa la tatu anajua kazi ile ilivyo ngumu: swali liwe jepesi kueleweka, lakini mtoto asiweze kulikwepa bila kufikiri. Na hapati sifa yoyote kwa wasomi wenzake kwa kuliweka sawa.

Alliance ilianzishwa mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na jina lake linatokana na muungano huo. Carey Francis alikuwa mwalimu mkuu wake wa pili. Miaka hiyo ya 1940 Kenya haikuwa na chuo kikuu. Kijana Mwafrika aliyetaka kuendelea alipanda treni kwenda Makerere, Uganda, na wengi waliopanda treni hiyo walitokea Alliance. Kwa hiyo aliyeshika ofisi ile alikuwa ameshika mlango. Angeweza kulewa madaraka, na wengi wa wakati wake walilewa. Yeye aliendelea kuingia darasani. Alikubali pia Waafrika wawe walimu wenzake: Bethwell Ogot, mwanahistoria wetu mkubwa, alifundisha hesabu pale baada ya kutoka Makerere.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali. Wavulana walivaa kaptura, na kwa miaka mingi walitembea bila viatu. Aliamini Waingereza walikuwa na wema wa kuleta Afrika, na uhuru wa haraka haukumpendeza. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, huku kaka yake akiwa msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyorudi likizo akakuta kijiji chao kimebomolewa, watu wamehamishwa. Shuleni kulikuwa na bendera ya Mwingereza na ibada ya asubuhi. Nyumbani kulikuwa na majivu. Kijana akiwa na vitu viwili hivyo kichwani hawezi kumpenda mwalimu mkuu wake wa Kizungu kwa moyo mweupe, na sioni kwa nini tumtake ampende hivyo. Jaramogi Oginga Odinga naye alisoma Maseno chini ya Carey Francis, na tunajua alikuja kuwa mwiba wa aina gani kwa serikali ya kikoloni.

Lakini mtu huyo huyo aliyeiamini dola ya Kiingereza aliwaambia wakubwa waziwazi kwamba askari wao walikuwa wakiwatesa Wakikuyu. Wengi wa rangi yake walinyamaza. Mtu anaweza kukosea juu ya mambo makubwa ya siasa na bado akakataa kunyamaza mwana wa mwenzake anapopigwa. Mimi namweka na makosa yake yote kwenye mizani, na bado upande wa shukrani unazidi.

Sasa twende Pumwani. Mtaa ule ulianzishwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika wa Nairobi, na sehemu yake iitwayo Majengo ilikuwa ya Waswahili. Ni karibu na soko la Gikomba. Mwaka 1962 mtoto wa Pumwani hakuwa mtoto ambaye watu walimtazamia kufika mbali. Alliance iliwachuja wavulana nchi nzima, ikachukua waliong'ara. Pumwani ilipokea watoto wa mtaa. Mzee wa miaka sitini na mitano, aliyefundisha Cambridge, anatoka kwa waliochujwa na kwenda kwa wasiochujwa, na kazi ni ile ile: ubao, chaki, daftari za kusahihisha. Hana gari la mwalimu mkuu wala sauti ya mwisho kwenye mkutano wa walimu. Ratiba anapangiwa.

Sijui kipimo kingine cha mwalimu kilicho wazi kuliko hiki. Cheo kikiondoka, anabaki akifanya nini?

Nimebahatika kumwona mwalimu mkuu wa aina hiyo kwa macho yangu, katika shule ya kutwa niliyosoma. Alikuwa na kipindi cha hesabu cha kidato cha pili, na hakukubali kukiachia mtu hata mgeni wa wizara akiwa ofisini. Alisahihisha kwa kalamu nyekundu, ila hakuweka alama ya mkasi (X) kwenye jibu lililokosewa. Alifuata hatua moja moja hadi pale ulipopotea, akapiga mstari mdogo chini ya hatua hiyo na kuandika pembeni: "Njoo unione." Ukienda hakukuonyesha jibu. Alikuomba uanze upya ukisema kwa sauti, na yeye akinyamaza, na mara nyingi kosa ulilisikia mwenyewe kabla hujafika kwenye ule mstari. Mpaka leo nikikosea hesabu za dukani nazisema kwa sauti.

Viongozi wa elimu wanapofariki siku hizi, tunasikia tanzia ndefu za vyeo: alikuwa mwenyekiti wa hiki, mjumbe wa kile, alijenga mabweni mawili na ukumbi. Majengo ni jambo jema na karo za watu zimetumika humo. Ila nikiwa nimeketi kwenye mazishi hayo nasubiri mtu mmoja asimame aseme alifundishwa nini, na somo lile liliingiaje. Mara nyingi hasimami mtu. Mwalimu aliyekaa ofisini miaka ishirini huwa ameacha watu wengi waliotia saini fomu mbele yake, na wachache mno waliowahi kukosea hesabu mbele yake.

Jeneza la Carey Francis lilibebwa na wanafunzi wake wa zamani, miongoni mwao viongozi wa nchi iliyokuwa huru kwa miaka isiyofika mitatu. Picha hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi. Kumbukumbu tulizo nazo juu yake nazo, karibu zote, zimeandikwa na watu wa Alliance na Maseno, kwa kuwa wao ndio waliopata kalamu, vyeo na wachapishaji.

Nikitafuta upande wa Pumwani napata kidogo sana. Wavulana aliowafundisha huko kati ya 1962 na 1966 sasa wanakaribia miaka themanini. Wengine walikuwa makanika, makarani, walimu, wafanyabiashara wa Gikomba. Kama una babu au mjomba aliyesoma Pumwani miaka hiyo, muulize wiki hii mzee yule alifundishaje, alicheka na nini, alikasirishwa na nini, na uyaandike kama atakavyoyasema.