Mgonjwa akifanywa mwanafunzi, nani anafeli?

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo amesimama nyuma ya kiti chenye mgongo kama ngazi, ameshika kipago kwa mikono miwili. Anasema kwa sauti pamoja na wenzake: "Nanyoosha mguu, moja, mbili, tatu," kisha anajaribu kuunyoosha. Wimbo na hesabu ni sehemu ya zoezi lenyewe. Hivyo ndivyo daktari András Pető alivyoanza kuwafundisha watoto huko Budapest, Hungaria, katika miaka ya 1940, na mfumo wake baadaye ukawafikia watu wazima wenye kiharusi na ugonjwa wa Parkinson. Mwalimu wa darasa hilo huitwa kondakta. Msomaji asicheke, hapa hakuna tiketi.

Wazo la Pető lilikuwa jepesi kulitamka, zito kulitekeleza: aliyeumia ubongo amebaki na uwezo wa kujifunza, basi afundishwe. Mwaka 1986 televisheni ya BBC ilimwonyesha mtoto wa Uingereza aliyepelekwa Budapest, na wazazi wengi wakafunga safari kumfuata.

Kwa wazo lenyewe, mimi nimeshawishika. Aliyenishawishi, hata hivyo, si Pető. Ni Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya utafiti kwa kima. Kima aliyekatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja aliacha kuutumia, ingawa uwezo wa kuusogeza ulikuwepo. Alijaribu siku za mwanzo, akashindwa, akazoea kuutegemea ule mzima. Kwa maneno mengine, alijifunza kutoutumia. Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili: ulemavu wenyewe, kwa sehemu fulani, unaweza kuwa somo lililoshika vibaya, na somo hufutwa kwa somo jingine.

Taub alilipeleka wazo hilo kwa wagonjwa wa kiharusi: mkono mzima unavalishwa glovu nzito ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2006 uliwahusisha watu 222, waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla. Kwa wiki 2 baadhi yao walivaa glovu hiyo karibu muda wote wa kuwa macho, huku wakifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku ya kazi. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Lakini tusome masharti ya kuingia: ilibidi mgonjwa aweze walau kukunjua kifundo cha mkono na vidole kidogo. Ambaye mkono wake umelala kabisa hakukaribishwa. Tena "huduma ya kawaida" mara nyingi ni kidogo mno. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2009 ulihesabu wastani wa marudio 32 tu ya kazi za mkono katika kikao kimoja cha tiba. Nani alijifunza kupiga ngoma kwa mapigo 32? Kwa hiyo sijui ushindi ule tuupe glovu au tuupe wingi wa mazoezi.

Swali hilohilo ndilo lililoutia doa mfumo wa Pető. Mwaka 1993 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwalinganisha watoto waliofundishwa kwa mfumo huo na wenzao wa shule nyingine za mahitaji maalumu. Hawakuona kwamba wa kwanza wamewapita. Watetezi walilalamika kwamba vipimo vya kliniki havioni anachokipata mtoto darasani: kujiamini, kufanya kazi na wenzake, kuacha kungoja kubebwa. Hoja hiyo ina uzito, ila ni hoja hatari pia, maana kila tiba isiyofanya kazi inaweza kujificha nyuma yake.

Wala mazoezi mengi si heri kila wakati. Mwaka 2015 utafiti wa watu 2,104 wenye kiharusi ulionyesha kwamba walioinuliwa kitandani mapema na mara nyingi zaidi, kuanzia saa 24 za mwanzo, walipata matokeo mazuri kwa asilimia 46, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Ubongo uliojeruhiwa jana hauna haraka ya darasa.

Linalonisumbua zaidi halimo katika takwimu. Mgonjwa asipopona, tunailaumu dawa. Mwanafunzi asipofaulu, tunamwambia hakujitahidi. Nimewasikia ndugu wakimsema mgonjwa wa kiharusi kuwa mvivu, na yeye yumo chumbani, anasikia. Mike Oliver, msomi wa Uingereza aliyetumia kiti cha magurudumu, aliushambulia mfumo wa Pető mwaka 1989. Alihoji kwa nini kutembea kumefanywa kipimo cha utu, na mtoto anatumia miaka yake akijifanyisha mazoezi ili afanane na wengine.

Ningekuwa mzazi wa yule mtoto wa kwenye kiti, ningekubali darasa. Ila ningetaka kabla ya siku ya kwanza iandikwe anafundishwa kufanya nini, kwa wiki ngapi, na nani atapima. Na akiwa anafika mezani kwa dakika 10 kwa miguu na dakika moja kwa magurudumu, ningemwuliza yeye anataka kufikaje.