Camaro haikufa kwa ubovu

Tangu General Motors isimamishe utengenezaji wa gari lake la spoti, Chevrolet Camaro, Desemba 2023, mashabiki wa mshindani wake, Ford Mustang, wana jibu moja kwa kila hoja: soko limeamua. Ni kweli. Ila soko huonyesha nani kauza zaidi, halionyeshi nani kamsukuma mwenzake.

Tuwape Ford haki yao. Mustang ndiyo iliyofungua njia Aprili 1964, na haijatoweka sokoni tangu hapo. Camaro ilizinduliwa 1966, na wakubwa wa Chevrolet walipoulizwa na waandishi Camaro ni kitu gani, wakatamba kwamba ni kamnyama kakali kanakokula Mustang. Kweli kuna vipindi Mustang ililiwa kwa mauzo, kama 2010 hadi 2014, lakini Camaro yenyewe iliwahi kuzikwa 2002 na kufufuliwa 2009. Isitoshe, toleo la 2015 la Mustang lilitoka kiwandani hata na usukani wa kulia, likauzwa Uingereza na Australia. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto hatuwezi kulidharau hilo.

Sasa tazama injini. Mustang GT (toleo la injini kubwa) ya 2005 ilikuwa na nguvu farasi 300. Camaro haikuwepo. Kufikia GT ya 2010, farasi walikuwa 315. Miaka mitano, farasi 15! Mwaka huohuo Camaro SS, toleo linaloshindana na GT, ikawa imerudi na injini ya lita 6.2, na ya gia za mkono ilikuwa na farasi 426. GT ya 2011 ikaja na injini mpya ya lita 5.0: farasi 412. Yaani 97 kwa mkupuo. Mtu atasema injini haibuniwi kwa mwaka mmoja, na ana haki. Lakini Camaro ya majaribio ilionyeshwa Detroit tangu Januari 2006, kwa hiyo Ford walijua mapema nani yuko njiani.

Chini ya gari ni hivyohivyo. Camaro ya 2010 ilikuja na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, wakati Mustang ya kawaida ilibaki na eksili moja ngumu hadi 2014: tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linatikisika. Ford walibadilisha 2015.

Kilichoimaliza Camaro ni bodi. Ile ya 2016 iligeuka vizuri kwenye kona na SS iliizidi GT kwa farasi 20, ila ukiketi ndani, ukingo wa dirisha unakufikia begani. Kuweka kiwiko hapo ni mazoezi ya viungo. Kioo cha nyuma ni ufa, na mdomo wa buti haupokei sanduku la maana. Gari la kila siku haliwi hivyo, na hapo sina utetezi.

Dodge Challenger, mshindani mwingine, nayo ilisimama Desemba 2023. Mustang GTD, ya zaidi ya dola 300,000, imetengenezwa kupambana na Porsche, na huko ushindani bado ni moto. Lakini mfanyakazi wa Ohio anayedunduliza mshahara anunue GT ya kawaida, gari lake halina tena Camaro ya kulikimbiza.