Kolaji ionwe kwanza lupangoni

Kila mwaka ifikapo Juni, vumbi jekundu la Lubumbashi likiwa limeshatanda juu ya majani ya miembe na asubuhi ikitudai sweta, mimi huanza kuzitoa kolaji zangu, yaani picha ninazozitengeneza kwa kubandika vipande vya karatasi, chini ya kitanda. Huko Ulaya miezi hiyo ni majira ya joto, na ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Ubelgiji huteremka na mashati mepesi, kisha huomba blanketi usiku wa kwanza. Kwetu ni kiangazi cha baridi, nacho ndicho wakati pekee wa kuonyesha kazi ya karatasi nje, kwa kuwa mvua zikishaanza, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, hakuna kilichobandikwa kinachobaki kimebandika.

Nimewahi kutundika kazi katika kumbi za mjini na nimewahi kuzitundika uani katika mtaa wetu wa Katuba, na maoni yangu ni kwamba kolaji inapaswa kuonwa kwanza lupangoni, yaani uani kwa watu, kabla haijapelekwa ukumbini. Wapo wenzangu wanaoona kwamba kuonyesha kazi kati ya kamba ya nguo na mbabula, jiko la makaa, ni kujishusha, na kwamba mnunuzi akikukuta hapo hatakupa bei ya heshima. Kuhusu bei huenda wamesema kweli. Kuhusu kazi yenyewe nadhani wamekosea, na kosa lao linatokana na kusahau kolaji ni kitu gani.

Neno lenyewe tumelitoa katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi. Wachoraji Braque na Picasso walipoanza kubandika karatasi ndani ya picha zao mwaka 1912, hawakutafuta karatasi adimu. Picasso alikata gazeti la Le Journal, pamoja na habari zake za vita vya Balkan, yaani gazeti ambalo mtu wa Paris aliweza kulinunua asubuhi na kufungia vitu jioni. Nguvu ya kipande kile ilikuwa katika kufahamika kwake: mtazamaji alikutana na kitu cha nyumbani kwake mahali asipokitarajia. Sasa nichukue mfuko wa sementi, mfuko wa unga wa mahindi na kadi ya simu iliyokwisha kukwanguliwa, niviweke mbele ya mgeni asiyewahi kubeba mfuko huo begani. Ataona rangi ya kahawia na maandishi mazuri. Jirani yangu ataona nyumba aliyoshindwa kuimaliza.

Kiangazi kilichopita mzee mmoja, mstaafu wa migodi, alisimama muda mrefu mbele ya kazi niliyoitengeneza kwa buletini za zamani za mshahara. Majina nilikuwa nimeyakata yote, kwa maana sioni haki ya kutundika jina la mtu ukutani bila ruhusa yake, na ningependa wenzangu walizingatie jambo hilo zaidi. Mzee hakuhitaji majina. Aliweka kidole kwenye safu moja ya tarakimu akaniambia, «Mwanangu, hapa umepindua. Makato hayakai juu.» Nilikuwa nimekigeuza kipande kile kwa ajili ya mstari wake tu, bila kufikiri kinasema nini. Miaka yote niliyoonyesha ukumbini hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa namna hiyo.

Mji huu unao mfano mkubwa wa kuunganisha vipande. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, katika mfululizo wake wa picha uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, aliwachukua wafanyakazi na wakubwa wa enzi ya ukoloni kutoka picha za kumbukumbu, akawasimamisha katika magofu ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kama yalivyo leo. Kazi hizo zimesafiri mbali, na zinastahili. Lakini mtu ambaye babu yake alifanya kazi kwenye viwanda hivyo anazisoma kwa jicho ambalo jumba la makumbusho la ng'ambo haliwezi kumpa mtazamaji wake.

Sisemi kwamba uani kuna raha. Uji wa unga wa muhogo, ambao ndio gundi yangu kwa kuwa ni rahisi na hushika vizuri, hupendwa na mende kuliko unavyopendwa na wanunuzi. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka hujikunja na kuivuta kadibodi mpaka ipinde kama ganda la ndizi, na hewa kavu ya Julai huzidisha. Dawa yake ni kubandika karatasi nyingine upande wa nyuma ili pande zote mbili zivutane sawa. Jua ni adui mbaya zaidi: mwaka mmoja nilitundika vipande vya magazeti ukutani upande wa magharibi, na katika wiki tatu vikageuka rangi ya chai. Baadhi ya watu walivipenda zaidi vikiwa hivyo, jambo lililoniudhi.

Mwaka huu nimeomba ukuta wa jirani unaotazama kusini. Kwa kuwa mwezi wa Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, ukuta huo hukaa kivulini kutwa nzima, nami nitaweza kuziacha kazi hapo bila kuzihamisha kila ifikapo saa nane mchana. Mama mwenye lupango amekubali kwa sharti moja, kwamba kamba yake ya nguo isiguswe, kwa hiyo siku za kufua watazamaji watainama kidogo.