Sinema iliyopotea nusu nayo ina thamani
Kuna mwandishi wa makala anasema eti sinema bubu ya zamani ikishapotea vipande haina maana kuirudisha, kwa sababu hadithi haifuatiliki tena. Hapo nakataa kabisa. Chukua The Lost World ya 1925, watu wanapanda mlima huko Amerika Kusini wanakuta dainosa wazima, na hao dainosa ni vinyago tu vya fundi wa sinema Willis O'Brien, anasogeza kidogo anapiga picha, anasogeza tena, ndani wamewekewa vibofu vya hewa mpaka unaona mnyama anahema kweli! Mwaka 1929 ikaondolewa sokoni, kopi karibu zote zikaharibiwa, kikabaki kifupisho cha kama saa moja cha kuangalia majumbani, na watu bado waliipenda hivyohivyo miaka na miaka. Halafu miaka ya 1990 ikapatikana kopi Prague yenye sehemu kibao ambazo kwenye kifupisho hazimo, na 2016 Lobster Films ya Ufaransa ikaunganisha vipande vya kopi mbalimbali, sasa inapita dakika 100. Kila mtu angefikiria kama mwandishi si ile mikanda ingeozea stoo, maana naitreti, ile plastiki ya mikanda ya sinema za zamani, inaoza yenyewe na inashika moto upesi mno. Nyie mliowahi kuiona, hayo mapengo yaliyobaki yaliwasumbua kweli?