Jumuiya haimtambui marehemu

Mei 2021 chama cha watu wasioamini uwepo wa Mungu nchini Kenya kilitangaza kwamba katibu wake amejiuzulu. Sababu: amempata Yesu Kristo. Tulicheka, tena sana. Video yake akiwa kanisani, waumini wakimshangilia, ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ikachosha, na wahubiri wakapata mahubiri ya bure.

Mimi kilichonikaa kichwani ni taarifa ya chama chenyewe. Kiongozi wao, Harrison Mumia, alimshukuru katibu kwa kazi aliyoifanya, akamtakia heri katika uhusiano wake mpya na Yesu, kisha akasema nafasi ya katibu iko wazi, anayeitaka aombe. Ikaishia hapo.

Sasa hebu tugeuze. Jumapili, wakati wa matangazo, katekista asimame aseme amefikiri miaka mingi na amefika mahali haamini tena, hivyo anarudisha funguo za sakristia. Tungemshukuru kwa utumishi wake? Thubutu. Kabla misa haijaisha tungekuwa tumeshaulizana kapata mwanamke gani, karogwa na nani, na hela za jumuiya, kile kikundi chetu cha waumini wa mtaani, zimebaki ngapi. Kikundi cha maombi kingehamia kwake. Mkewe angeambiwa avumilie, shetani ana siku zake.

Siandiki haya nikiwa nje. Misa ya pili nipo, rozari ninayo, na nina nia ya kuzikwa kwa maji ya baraka. Ninachosema ni kwamba sisi tulio ndani tumemwachia mwenye shaka milango miwili tu: aigize au aondoke. Na kwa kuwa kuondoka kwetu kuna gharama kubwa, wengi wanaigiza.

Mjomba wangu hakuigiza. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Hakuna msiba uliomvunja moyo, wala hakuna padre aliyemkosea. Aliacha kuamini kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai: kidogo kidogo, hadi siku moja akaona haihitaji. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimuuliza, "Mjomba, huogopi?" Akanijibu, "Naogopa, mpwa wangu. Lakini kuogopa siyo kuamini." Basi akaendelea kusahihisha madaftari. Harambee ya paa la kanisa alichanga. Kila Jumapili alimpeleka bibi misani kwa gari lake, akamsubiri nje akisoma gazeti chini ya mwarobaini.

Alipofariki, mwenyekiti wa jumuiya alikuja na daftari. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale uani, akalifungua, akapitisha kidole kwenye majina toka juu hadi chini, halafu akalifunga. "Huyu marehemu jumuiya haimtambui. Kadi yake ya zaka iko wapi?" Mama akaanza kulia upya. Wajomba wengine wakamvuta mwenyekiti pembeni, nyuma ya jiko. Sikusikia maneno yote, ila nilisikia "ya nyuma", nikasikia na kiasi. Tulichanga palepale. Jioni ile jina la mjomba likaandikwa kwenye daftari, na siku ya mazishi padre, ambaye simlaumu kwa kuwa alisoma alichoandikiwa, akatuambia tumempoteza mtu wa imani kubwa.

Hilo ndilo lililonichoma. Kutoamini kwake hakukumsumbua mtu hata mmoja pale, kwa sababu hakuna aliyeuliza habari yake. Shida ilikuwa kadi, na ilipolipiwa, mjomba akawa muumini akiwa ndani ya jeneza, bila kushauriwa.

Baada ya mazishi mwalimu mwenzake mmoja, mzee wa kanisa jirani, alinishika mkono wakati tunanawa. "Mjomba wako alikuwa jasiri," akasema kwa sauti ya chini. "Sisi wengine tuko hivyohivyo, ila tuna wake na wajukuu." Kisha akaenda kuongoza sala ya chakula.

Ndiyo maana nikisikia mtu anataja takwimu za dini natabasamu. Sensa ya Kenya ya 2009 iliandika watu 922,128 wasio na dini. Ile ya 2019 ikaandika 755,750, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Wako waliofurahia kwamba imani inapanda. Lakini mmewahi kuona swali lile linavyojibiwa? Karani anafika jioni, anazungumza na mkuu wa kaya au mtu mzima aliyemkuta, na huyo anawajibia wote. Kijana wa miaka 22 aliyeacha kusali tangu chuo yuko ndani anasikia mama yake akisema, "Wote Wakatoliki, andika." Nani atatoka kumsahihisha mama mbele ya mgeni? Tanzania wao waliliondoa swali la dini kwenye sensa baada ya ile ya 1967, wakajiepusha na ugomvi huo, ingawa mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka lirudishwe na wengine wakatangaza kuisusia sensa.

Kisheria Kenya haiko pabaya. Katiba ya 2010 inaanza kwa kumkiri Mwenyezi Mungu, halafu ibara ya 8 inasema hakuna dini ya serikali, na ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri na imani. Chama cha akina Mumia kilisajiliwa Februari 2016, miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa baada ya malalamiko, kisha kikaendelea na shughuli zake. Huko Nigeria mambo ni mengine: Mubarak Bala alipelekwa na familia yake kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, Kano, mwaka 2014 baada ya kusema haamini, akakamatwa 2020, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022 kwa maandishi yake ya Facebook, na akatoka mwanzoni mwa 2025 baada ya adhabu kupunguzwa na mahakama ya rufaa. Sisi hatufungi mtu. Sisi tunamwombea kwa sauti mpaka ahame mtaa.

Na cha ajabu ni kwamba vitabu vyetu wenyewe havina woga huu. Ibrahimu, katika Sura ya pili ya Kurani, anamwomba Mola amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Anaulizwa kama haamini. Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakupigwa radi, aliambiwa atwae ndege wanne. Katika Injili ya Marko yupo baba wa mtoto mgonjwa anayepaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake anaponywa palepale, bila mtu kumdai kadi.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu ambaye jina lake halikosekani kwenye madrasa zetu za pwani, aliandika mwenyewe kwamba kuna wakati alitilia shaka hata macho yake na akili yake, hali iliyodumu karibu miezi miwili. Baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa Baghdad, ulimi ukamgomea. Anasimama kufundisha, neno halitoki, chakula hakishuki. Madaktari wakasema hili ni la moyo, dawa hatuna. Akaacha cheo, akaondoka mjini. Na Mama Teresa wa Kolkata, barua zake zilizochapishwa 2007 zilionyesha karibu nusu karne ya giza, anasali na hasikii kitu. Kanisa lilijua, na 2016 likamtangaza mtakatifu. Hao wangesema hayo leo kwenye mkesha wetu, tungewawekea mikono na kukemea.

Kinachoniogopesha zaidi ni kinachotokea pale ambapo hakuna tena wa kuuliza. Msitu wa Shakahola, Kilifi, kwa wafuasi wa mchungaji Paul Mackenzie, mwaka 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi wao watu walioambiwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Watu hao hawakuwa wajinga; walikuwemo waliosoma, walioacha kazi nzuri. Walikuwa wamefundishwa, kama tunavyofundishwa sote, kwamba kumhoji mtumishi ni kumhoji aliyemtuma. "Msiwaguse masihi wangu" ni mstari wa Zaburi ya 105 unaotajwa kila mara hesabu za sadaka zinapoulizwa. Natamani kule msituni kungekuwa na watu kumi wa aina ya mjomba wangu, wa kusema tu: mchungaji, wewe mbona unakula?

Wasioamini nao wanakera, nisiwapambe. Kuna vijana mtandaoni ambao kazi yao ni kumcheka bibi na rozari yake, na uhakika wao haupishani sana na wa mhubiri wa stendi. Mjomba hakuwahi kumcheka bibi. Alimfungulia mlango wa gari.

Sensa nyingine Kenya inatarajiwa 2029. Binti wa dada yangu, aliyeko chuo kikuu Nairobi, ameshatangaza mezani kwamba swali la dini safari hii atalijibu mwenyewe. Hajasema atajibu nini. Dada yangu amenuna tangu siku hiyo, na ananituma mimi nikaongee naye.